Miaka 44 Nje ya Sheria: Nani Anayalinda Majengo ya Kale ya Dodoma?

Mbukwenyi! Waheshimiwa madiwani, watendaji wa kata na mitaa, maofisa mipangomiji, mafundi wetu, wamiliki wa nyumba, na nyinyi wazee wetu mliotangulia kufika: shikamooni.

Kabla ya yote, naomba tushike miaka miwili. Wa kwanza ni 1863, wa pili ni 1907. Aliyeielewa miaka hiyo miwili ameelewa nusu ya tatizo letu.

Sheria inayolinda mambo ya kale Tanzania Bara ni ya mwaka 1964. Leo ni Sura ya 333 ya sheria zetu, na ilifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1979. Kabla yake tulikuwa na sheria ya kikoloni ya mwaka 1937. Sheria hii inasema kwamba jengo, ngome, kaburi, bwawa au kitu chochote kilichojengwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 kinalindwa. Hakisubiri tangazo wala saini ya mtu. Umri wake ndio ngao yake.

Sasa tuitazame Dodoma. Mji huu unahesabiwa kuanza mwaka 1907, wakati Wajerumani wakisogeza reli ya kati kutoka pwani. Reli hiyo ilianza Dar es Salaam 1905 na kufika Kigoma 1914. Toa 1863 katika 1907, unabaki na miaka 44. Maana yake, ndani ya mji huu hakuna ukuta unaolindwa kwa sababu ya umri wake. Stesheni ya reli ya kati haimo. Maduka ya Madukani na Uhindini yenye baraza mbele na ua nyuma hayamo. Nyumba za maofisa wa kikoloni hazimo, makanisa ya mawe hayamo, na majengo ya miaka ya 1970 yaliyokuja na uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa, hayo ndiyo kabisa. Na tusidhani ni Dodoma peke yake. Boma la Kale la Dar es Salaam, la zama za Sultani Majid, nalo lilijengwa baada ya 1863. Karibu kila boma la Mjerumani nchini liko nje ya mstari huo.

Kwa muda mrefu jambo hili halikuuma sana hapa kwetu, kwa kuwa ardhi ya katikati ya mji haikuwa na mbio. Sasa ina mbio. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016, na Dodoma ikatangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, kiwanja chenye duka la chumba kimoja na baraza kina thamani kubwa kikiwa kitupu kuliko kikiwa na hilo duka juu yake. Hapo ndipo jengo linapopoteza watetezi, hata mwenyewe akiwa analipenda.

Katika mkoa wetu, kilicho salama kisheria ni kile cha zamani zaidi kuliko vyote: michoro ya miambani ya Kondoa. Ilianza kulindwa mwaka 1937, na mwaka 2006 UNESCO iliiandikisha katika Orodha ya Urithi wa Dunia, eneo la kilomita za mraba 2,336 lenye mapango zaidi ya 150 yaliyochorwa. Lakini hata huko sheria peke yake haikutosha. Watu wamechimba sakafu za mapango wakitafuta dhahabu inayosemwa kufichwa na Wajerumani, na kila shimo limeharibu tabaka za udongo ambazo wataalamu wangezisoma kama kurasa za kitabu. Nataja jambo hili mapema kwa sababu uvumi huohuo wa mali ya Mjerumani unaweza kung'oa sakafu za maboma yetu pia. Anayelinda boma asifikirie kuta tu. Aweke kufuli kwenye vyumba vilivyo wazi.

Kuna kifungu kimoja ambacho wengi hawakijui, nacho chatusaidia. Sheria inalinda milango ya mbao na fremu zake zilizochongwa nchini kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940. Sikilizeni vizuri: kabla ya 1940, si 1863. Kwa hiyo nyumba ya mfanyabiashara ya mwaka 1925, iwe Kondoa mjini, Dodoma au Tabora, inaweza kuwa haina kinga yoyote, huku mlango wake wa nakshi ukilindwa na sheria ya nchi. Dalali anayekuja na gari kununua mlango, akiacha tundu ukutani, anagusa kitu kilicholindwa. Mwenye nyumba asiuze wala kung'oa kabla hajaandika kwa Idara ya Mambo ya Kale. Na anayepima nyumba ya namna hiyo aujazie mlango karatasi yake ya peke yake.

Je, kwa jengo la baada ya 1863, njia ni ipi? Sheria ileile imeacha mlango wazi. Waziri mwenye dhamana ya mambo ya kale, ambaye kwa sasa ni Waziri wa Maliasili na Utalii, anaweza kulitangaza jengo lolote lenye umuhimu wa kihistoria kuwa la kumbukumbu, bila kujali umri wake, kwa tangazo katika Gazeti la Serikali. Marekebisho ya 1979 yakaongeza nguvu nyingine: eneo zima linaweza kutangazwa kuwa eneo la hifadhi, ama kwa uzuri wake ama kwa kuwa lina kundi la majengo yanayofanana. Kwa mtaa kama wa Madukani hii ya pili ndiyo ninayoiona ya maana zaidi. Duka moja la baraza, ukilitoa katika mstari wake, halisemi kitu. Thamani iko kwenye mstari wenyewe: kimo kinacholingana, kivuli kinachounganika kutoka mlango hadi mlango, mtu anatembea mtaa mzima bila kuchomwa na jua la Oktoba.

Tangazo la Waziri halianzi kwa Waziri. Linaanza na jalada, na jalada linaandaliwa na watu kama nyinyi mliokaa hapa. Nitakaa kidogo kwenye jalada, kwa sababu hapo ndipo maombi mengi yanapofia.

Kwanza ni utambulisho wa jengo. Andika namba ya kiwanja na kitalu kama zilivyo kwenye hati na kwenye ramani ya upimaji, kisha jina la mtaa la leo, kisha majina ya zamani yote unayoyajua. Jina la jengo peke yake ni hatari. "Nyumba ya Mzungu" zinaweza kuwa tatu katika kata moja. Ukitangaza jina bila kiwanja, siku ya kesi wakili wa upande wa pili atauliza swali moja tu, nyumba ipi, na tangazo litaanguka.

Pili ni viwianishi, yaani namba zinazoonyesha mahali jengo lilipo kwenye ramani. Hapa kuna kosa ambalo vijana wenye simu nzuri hulifanya bila kujua. Simu inasoma kwa mfumo wa WGS 84. Ramani nyingi za upimaji wa nchi yetu zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, na Dodoma mjini iko katika kanda ya 36 Kusini ya UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda za ramani. Ukichukua namba za simu ukaziweka juu ya ramani ya Arc 1960 bila kuzibadilisha, pointi yako inahama karibu mita 300. Mita 300 katikati ya mji ni mtaa mwingine kabisa. Utakuwa umeomba kulinda gereji ya jirani. Mpe kazi hiyo mpima ardhi wa halmashauri, na kwenye jalada andika jina la mfumo uliotumika.

Tatu ni mipaka. Ombi likitaja jengo bila kuchora mstari unaolizunguka, mwenye kiwanja anaweza kujenga ghorofa sentimita chache kutoka ukutani na asivunje tangazo. Chora mistari miwili: mmoja wa kilicholindwa chenyewe, pamoja na ua, kisima, miti na ukuta wa uzio kama ni vya zama zile, na wa pili wa eneo la kinga ambamo ujenzi unaruhusiwa kwa masharti ya kimo na umbali. Usichore eneo la kinga kubwa kwa tamaa. Kila kiwanja unachokiingiza kina mwenyewe, na kila mwenyewe asiyeshirikishwa ni pingamizi linalokusubiri.

Nne ni vipimo vya jengo. Futi ya kupimia ya mita 30, watu watatu, siku mbili au tatu kwa nyumba ya kawaida. Pimeni kila chumba pande zote nne na pia mshazari, kona hadi kona, kwa kuwa nyumba za zamani hazina pembe mraba, na bila mshazari mchoro wenu utakuwa wa nyumba nyingine. Ramani ya sakafu na sura za nje ziwe kwa kipimo cha 1:100, mikato, yaani michoro ya jengo kana kwamba limekatwa wima, kwa 1:50, na madirisha, milango na nakshi kwa 1:10. Picha zipigwe kila upande, zikiwa na kijiti cha kipimo ndani ya picha, pamoja na kenchi za paa kutoka darini. Kama mtatengeneza umbo la jengo kwa kompyuta kutokana na picha, hakikisheni kila picha inaingiliana na ya kabla yake kwa asilimia 60 au zaidi. Ikipungua hapo, ukuta unatoka na matundu.

Tano ni hali ya jengo siku hiyo. Wengi huiruka kwa kuona aibu ya kuandika ubovu. Andikeni ubovu wote: kila ufa kwa urefu na upana wa milimita, kila bati lililokatika, kila ubao ulioliwa na mchwa, pamoja na tarehe. Pasipo rekodi hiyo, mwenye nyumba akiacha paa wazi misimu miwili ya mvua kisha akasema lilikuwa hivyohivyo, nani atambishia?

Halafu ndipo maelezo ya umuhimu, na hapa naomba tuwe wakweli. Katika mikoa hii ya kati kila jengo lenye kuta nene huitwa la Mjerumani. Ukuta wa mawe wa sentimita 50 au 60 hauthibitishi lolote, maana Waingereza walioushika mji mwaka 1916 nao walijenga kwa mawe, misheni zilijenga kwa mawe, na wafanyabiashara wa Kihindi walijenga kwa mawe. Tafuta ushahidi katika Nyaraka za Taifa, zinakohifadhiwa majalada ya zama za Wajerumani na za Waingereza. Katika vitabu vya ubatizo na kumbukumbu za makanisa. Katika michoro ya shirika la reli. Katika mihuri ya kiwandani iliyo kwenye bati, vigae na vyuma. Ukikosa mwaka kamili, andika kipindi: "kati ya 1920 na 1935, kwa ushahidi huu na huu". Tarehe ya uongo ikigundulika, hata yale ya kweli katika jalada lako hayatasomwa tena. Na umuhimu si lazima uwe wa vita au wa mkubwa fulani kulala hapo. Jengo la kawaida lililobaki la mwisho la aina yake lina hoja nzito kuliko jengo la fahari ambalo yapo kumi.

Wamiliki wa nyumba, nawaona. Naomba mnisikilize kwa makini, maana hofu yenu ni ya haki. Kutangazwa kwa jengo hakuhamishi hati. Nyumba inabaki yako, unaweza kuipangisha, kuiuza na kuirithisha. Kinachobadilika ni kwamba huwezi kuibomoa wala kuibadilisha bila kibali. Ibara ya 24 ya Katiba inalinda haki yako ya kumiliki mali, na Serikali ikikunyang'anya kiwanja chenyewe, fidia ya haki ni lazima. Ugumu halisi uko pengine: sheria inakupa mzigo wa kutunza, haikupi fungu la matengenezo. Hapo, waheshimiwa madiwani, kazi ni yenu, na mna uwezo. Halmashauri inaweza kutunga sheria ndogo inayofuta ada ya kibali kwa matengenezo ya nyumba iliyoorodheshwa. Inaweza kuruhusu mwenye duka la baraza ajenge ghorofa nyuma ya kiwanja, ikiwa vyumba vya mbele na baraza vinabaki na ghorofa imerudishwa nyuma kiasi kwamba aliyesimama upande wa pili wa barabara haioni ikiining'inia juu ya paa la zamani. Nasema vyumba vya mbele, sisemi ukuta wa mbele. Kuacha ukuta mtupu wa mbele ukiegemezwa kwa magogo huku nyuma kumefyekwa kote ni kuhifadhi picha. Nyumba imekwisha kufa.

Sheria ndogo ina safari yake, na ikikosa hatua moja haina meno. Inajadiliwa katika kamati inayoshughulikia mipangomiji na mazingira, wananchi wanatangaziwa na kupewa nafasi ya kutoa maoni, Baraza la Madiwani linapitisha, inapelekwa kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa kuidhinishwa, kisha inachapwa katika Gazeti la Serikali. Kabla ya kuchapwa, ni makubaliano ya kiungwana tu. Na isipingane na sheria mama, maana mahakama itaifuta. Wakati inasubiriwa, Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 tayari inaipa halmashauri mamlaka juu ya nani anajenga na nani anabomoa. Orodha ya majengo 30 au 40 iliyobandikwa katika ofisi ya mipangomiji, ikiwa na namba za viwanja, inamtosha ofisa kusema "subiri" ombi la kubomoa linapoletwa mezani. Orodha hiyo haihitaji Bunge. Inahitaji wiki sita za kazi na ofisa anayeheshimu orodha.

Tuje kwenye dharura, kwa sababu simu nyingi za majengo ya kale hupigwa katapila likiwa limeshafika, na mara nyingi hufika siku ambayo ofisi zimefungwa. Jambo la kwanza ni kuuliza kibali cha kubomoa kiko wapi. Mtendaji wa mtaa ana mamlaka ya kuuliza, na asipoonyeshwa amjulishe mara moja mhandisi wa jiji, ambaye anaweza kusimamisha kazi isiyo na kibali. Hapohapo mtu mwingine apige picha, zenye tarehe, za nje na za ndani kama panaingilika. Kama kibali kipo na unaona kimetolewa kimakosa, kinachobaki ni mahakama, na huko kuna mtego wa siku 90. Kuishitaki Serikali kunahitaji notisi ya siku 90, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 sharti hilo linazihusu pia halmashauri. Jengo linabomolewa kwa saa tatu. Ndiyo maana mawakili huomba Mahakama Kuu zuio la muda wakati notisi ikiendelea kuiva, zuio wanaloliita Mareva. Anayebomoa akiwa mtu binafsi, notisi hiyo haihitajiki.

Mahakama itakuuliza pia wewe ni nani katika jambo hili, na umeathirika vipi. Mpenda historia kutoka kata nyingine atapata shida kujibu. Mpangaji wa nyumba hiyo, jirani mwenye ukuta wa pamoja, usharika wenye jengo, au halmashauri yenyewe, hao wana miguu ya kusimamia. Kwa hiyo mkipanga ulinzi wa jengo, mpangeni mapema nani atakuwa mwombaji.

Sasa mafundi, zamu yenu. Jengo linaweza kutangazwa vizuri kabisa kisha likauawa na matengenezo. Dodoma inapata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili, mara nyingi kwa vishindo. Ukuta wa mawe uliojengwa kwa chokaa au udongo unanyonya maji hayo na kuyatoa polepole kupitia uso wake. Ukiupiga lipu ya saruji, maji yanaingia kwa nyufa ndogo na kwa msingi, hayapati pa kutokea, yanapanda hadi kimo cha mita moja hivi, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu na kusukuma. Baada ya misimu michache lipu inabanduka pamoja na ngozi ya jiwe lenyewe. Mwenye nyumba akiona imebanduka anaongeza saruji. Ndivyo kuta nyingi za zamani zinavyoharibika, na anayeziharibu anaamini anazitunza.

Lipu ya chokaa ni sehemu moja ya chokaa kwa sehemu tatu za mchanga mkali uliooshwa. Chokaa iloweke majini wiki nyingi, miezi mitatu ni bora, hadi iwe laini kama siagi. Ukuta uloweshwe kwanza. Kila tabaka lisizidi milimita 10 hadi 12, na lifunikwe kwa magunia yenye unyevu siku kadhaa, kwa sababu upepo na jua la Dodoma vinakausha chokaa kabla haijashika, na hapo inakuwa unga. Fundi asiyezoea atasema chokaa ni dhaifu. Udhaifu wake ndio kazi yake: ipasuke lipu, lisipasuke jiwe. Paa likaguliwe Oktoba, kabla ya mvua, na mifereji isafishwe. Kama majengo ya miaka ya 1960 na 1970 yana mabati ya asbesto, msiyakate wala kuyatoboa kwa mashine, maana vumbi lake linaua mapafu taratibu. Iteni wataalamu wa kuyaondoa.

Masharti haya yote ya vifaa yaandikwe ndani ya kibali. Kibali kinachosema "matengenezo yameruhusiwa" bila kutaja chokaa kimeruhusu saruji.

Kuorodheshwa nako hakuzuii jengo kuanguka. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883 enzi za Sultani Barghash, imo ndani ya Mji Mkongwe, na Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, ukiwa na mamlaka yake maalumu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu walifariki. Uchakavu wa miaka mingi haukomi kwa karatasi. Nyufa zetu zipimwe kila mwezi, kipande cha kioo kikigandishwa juu ya ufa: kikivunjika, ukuta unatembea, na aitwe mhandisi wa miundo kabla ya mtu kupanda na nyundo.

Nisingependa tuondoke hapa tukiwa tumezungumzia mawe tu. Nyumba ya asili ya nchi hii ya Wagogo ni tembe. Kuta za miti iliyosimikwa karibukaribu na kukandikwa udongo, paa bapa la fito na nyasi lililobebeshwa udongo juu, vyumba vikizunguka ua wa ng'ombe. Ni jibu la akili sana kwa nchi yenye upepo, jua kali na mvua haba. Lakini mstari wa 1863 hauna maana yoyote kwake, kwa kuwa tembe hufanywa upya sehemu kwa sehemu kila miaka michache. Mti uliooza unatolewa, udongo wa paa unaongezwa kabla ya masika. Ukitafuta mti wa kabla ya 1863 huupati, ingawa nyumba ni ileile ya mababu. Kinachostahili kulindwa pale ni ujuzi, na haki ya kupata miti yenyewe. Kijiji kinachokataza ukataji wa miti yote bila kubakiza ruhusa ya nguzo za tembe kimepiga marufuku tembe bila kujua. Sheria ndogo za kijiji zinaweza kuandika ruhusa hiyo, kwa idadi na kwa aina ya mti. Nazo tembe zipimwe kwa utaratibu uleule wa jalada, na wakati wa kupima awepo mzee anayejua jina la kila kiungo kwa Kigogo, na jina hilo liandikwe kwenye mchoro.

Kuhusu mwaka 1863 wenyewe, msimamo wangu ni wazi: mstari usiosogea umepitwa na wakati. Afrika Kusini, kwa sheria yake ya mwaka 1999, ilichagua mstari unaotembea: jengo lolote lililotimiza miaka 60 halibomolewi wala kubadilishwa bila kibali cha mamlaka ya urithi. Kwao jengo la 1950 lilivuka mstari 2010, na la 1970 linavuka 2030. Mstari huo hauzuii maendeleo, unalazimisha mtu mmoja mwenye ujuzi alitazame jengo kabla halijaanguka. Bunge letu linakaa hapahapa Dodoma, na wabunge wanapita mbele ya majengo haya kila kikao. Wabunge wa mikoa ya kati wangeanza wao kulisemea.

Hilo likichukua miaka kumi, orodha ya jiji isisubiri miaka kumi. Ninapendekeza tuanze na Madukani na Uhindini, mtaa kwa mtaa, kwa kuwa huko ndiko bei zinakopanda haraka. Timu ya watu watatu kwa kila mtaa, mpima ardhi mmoja kwa timu zote, ripoti ya kwanza kwa ofisa mipangomiji kabla mvua za Desemba hazijaanza kuingia darini. Fomu ziko pale mezani, ukurasa mmoja mbele na nyuma. Mwenye nyumba yenye mlango wa nakshi achukue mbili.